Kifurushi "kisicho na kikomo" kina kikomo, na nimechoka kuambiwa kwamba tatizo liko kwangu

Assalamu alaykum ndugu wanajukwaa.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kuandika kwa utaratibu, maana kila ninapolalamika kwa mdomo hukatizwa kabla sijafika kwenye hoja. Hoja yenyewe ni hii: kila mwezi nalipia kifurushi cha intaneti ya nyumbani ambacho kinatangazwa kwa herufi kubwa kuwa hakina kikomo, na kila mwezi, ukifika kama nusu, kasi yake hushuka mpaka ikawa haifai kwa lolote zaidi ya kusoma ujumbe, na ninapouliza sababu huambiwa kwamba tatizo liko kwangu. Mara ni kompyuta yangu, mara ni kuta za nyumba yangu, mara ni hilo "gemu" ninalocheza. Kampuni siitaji. Wenzangu wa Chake Chake wanaoitumia wataitambua kwa maelezo tu.

Nianze na hilo linaloitwa gemu, kwa sababu ndilo wanalolitumia kuninyamazisha. Nikishamaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi, huingia Second Life, ulimwengu pepe ambao kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani, iliufungua kwa umma mwaka 2003. Humo hamna alama za kushinda wala adui wa kuua. Una mwili wako, unaoitwa avata, unatembea, unazungumza na watu, unajenga, na karibu kila unachokiona, kuanzia nyumba mpaka viatu, kimetengenezwa na wakaazi wenyewe. Mimi nimejenga nyumba yenye baraza na mlango wa kuchonga, na watu wa Uholanzi na Brazil huja kukaa barazani wakaniuliza zile njumu za shaba mlangoni zina kazi gani. Lakini kinachonipeleka huko hasa ni bahari. Kuna eneo kubwa la maji liitwalo Blake Sea ambako watu husafirisha vyombo vya tanga, na upepo una nguvu na mwelekeo, kwa hivyo usipolegeza demani, ile kamba ya kuongozea tanga, kwa wakati chombo kinapoteza mwendo. Nimetengeneza jahazi langu mwenyewe, na foromali yake, ule mti wa kushikia tanga, na usukani wake. Mimi ni mwanamke wa Pemba niliyekulia kwenye nyumba ya manahodha na sijapata kukabidhiwa usukani hata wa mtumbwi. Huko nashika usukani na hakuna anayeniuliza nimeolewa na nani. Wanaonicheka kwa hili nawaruhusu wacheke, ilimradi waendelee kusoma.

Sasa wataalamu wa huduma kwa wateja hudhani kwamba kitu hiki hupakuliwa mara moja, kikakaa kwenye diski, na kwa hivyo kikikwama lazima kompyuta ndiyo mbovu. Sivyo kilivyo. Unachoweka kwenye kompyuta ni programu ya kutazamia tu. Ulimwengu wenyewe, yaani kuta, miti, nguo za watu na michoro ya mbao za milango, huletwa kutoka kwenye seva, yaani kompyuta kubwa za kampuni, kila unapokaribia mahali, kwa sababu mwenye mahali hapo anaweza kubadilisha kitu wakati wowote. Kilicholetwa huhifadhiwa kwa muda ili kisiletwe tena, lakini ukienda mahali papya penye watu wengi, kila mmoja na nywele zake na mapambo yake, data huingia kwa wingi. Ndiyo sababu nikalipia kifurushi kisicho na kikomo, wala sikununua vifurushi vidogo vya siku moja ambavyo hufa muda wake ukiisha hata kama hujavitumia. Nililipa zaidi kwa ajili ya lile neno lililoandikwa kwenye tangazo.

Kasi inaposhuka, mambo huwa hivi. Nyumba zinabaki na rangi ya kijivu, na mtu anayenisalimu anaonekana kama wingu jeupe lenye jina juu yake. Hayo navumilia. Nisichokivumilia ni mpaka. Bahari ile imegawanywa katika maeneo ya mita 256 kwa mita 256, na kila chombo kinapovuka mpaka, programu inayoendesha eneo moja hukikabidhi chombo, tanga, nahodha na abiria kwa programu inayoendesha eneo la pili, na kompyuta yangu hapa nyumbani lazima iitikie kwa wakati. Mtandao ukiwa mzima unahisi mtikisiko mdogo tu kisha safari inaendelea. Mtandao ukiwa umebanwa, jahazi linaganda na tanga limejaa upepo, kisha linapotea, na mimi naonekana nimekaa juu ya hewa, magoti yamekunjwa na mkono mmoja umenyooshwa kwenye usukani ambao haupo tena. Baada ya hapo nazama. Siku moja nilijikuta nimesimama kwenye mchanga wa chini ya bahari, nimevaa baibui, nikitazama vyombo vya wenzangu vikipita juu ya kichwa changu kuelekea kumaliza mashindano, na jahazi langu limerudishwa kwenye mkoba wangu ndani ya folda ya vitu vilivyopotea.

Najua kwamba mipaka hii husumbua hata watu wa Marekani wenyewe, na najua pia kwamba umbali ni umbali. Seva za ulimwengu huo siku hizi zinakaa kwenye vituo vya Amazon huko Oregon, na kutoka Chake Chake mpaka huko ni kilomita 15,000 hivi kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kuchukua chini ya milisekunde 150 hata mkongo ungenyooshwa kama uzi wa fundi mwashi, na kwa njia ndefu zinazofuatwa na mikongo yenyewe huwa ni takriban mara mbili ya hapo. Hilo silalamikii, kwa sababu halina mkosaji. Nimepunguza umbali wa kuona mpaka mita 64, nimezima vivuli, nimebana masasisho ya kompyuta yasijipakue bila idhini yangu. Yote yanayotakiwa kufanywa upande wangu nimeyafanya.

Ushahidi wangu ni wa saa na tarehe. Mashindano ninayoingia huko huanza saa mbili usiku kwa saa za California, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi au saa moja asubuhi kutegemea majira yao. Mwanzoni mwa mwezi, baada ya sala ya Alfajiri, nikikaa mezani kwa kompyuta hiihii, ndani ya chumba hikihiki chenye kuta hizihizi, navuka mpaka baada ya mpaka mpaka namaliza mzunguko na chai haijapoa. Programu ina kidirisha cha takwimu, unakifungua kwa kubonyeza Ctrl, Shift na 1 kwa pamoja, na humo unaona muda wa kwenda na kurudi kwenye seva na kiasi cha pakiti, yaani vipande vya data, zinazopotea njiani. Alfajiri za mwanzo wa mwezi muda unakuwa karibu na milisekunde 300 na upotevu ni sifuri. Ukifika ule wakati wa mwezi, kidirisha kilekile, saa ileile ya alfajiri ambayo mji mzima umelala au uko msikitini, kinaonesha muda unaopita sekunde nzima na pakiti zinamwagika. Halafu nachukua simu ya mume wangu, yenye laini ya kampuni nyingine, naigeuza kuwa ruta, na kompyuta inayodaiwa kuwa mbovu inapona papo hapo. Ukuta wangu unajuaje tarehe za mwezi?

Nilikwenda ofisini kwao na picha za kidirisha hicho. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu, aliniita "mama" na "mwalimu" kwa zamu, lakini picha hakuzitazama. Aliniambia nizime ruta, nihesabu mpaka thelathini, niiwashe. Nikamwambia ruta huzimwa na umeme hata bila mimi kuigusa. Akaniambia basi tatizo ni umeme mdogo. Nikamwambia ina stabilaiza ya kurekebisha umeme. Akaniambia basi ni kompyuta. Nilipomwonesha jinsi laini ya kampuni nyingine inavyofanya kazi kwenye kompyuta hiyohiyo, alinyamaza, akaenda ndani, akarudi na karatasi ya masharti, na hapo ndipo nilipoonyeshwa, chini kabisa, kwa herufi ambazo nilizisoma kwa kuvua miwani na kuikaribisha karatasi puani, kwamba huduma iko chini ya "sera ya matumizi ya haki", na kwamba mteja akipita kiasi fulani cha GB kasi yake itapunguzwa. Kiasi chenyewe hakikuandikwa. Kasi itakayobaki nayo haikuandikwa. Nilimuuliza ni kiasi gani, akasema kinategemea.

Kinategemea nini, ndugu zangu? Muuza mchele wa Chake Chake akiandika kilo kisha akapima kadiri anavyotaka mwenyewe, hatutamwita mwenye sera.

Kuna wanaosema tuwe na shukrani, kisiwa chetu kiko mbali na kila kitu huja kwa waya chini ya bahari. Ni kweli. Umeme wenyewe tunaupata kutoka Tanga kwa waya wa baharini tangu mwaka 2010, na kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya Wesha, na anayekumbuka enzi hizo hawezi kudharau tulichonacho. Na tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana, sikulalamika hata kwa neno moja. Kampuni ilituma ujumbe ikasema mkongo umekatika, tukaelewa, tukasubiri. Kumbe wanajua kutuma ujumbe. Wanajua kusema kwamba tatizo liko kwao, almuradi tatizo hilo lisiwe wamelitia wao kwa mkono.

Kwa anayedhani nadai hisani: kanuni za vifurushi zilizotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, mwaka 2021 zinamtaka mtoa huduma amjulishe mteja matumizi yake ya kifurushi yanapofika asilimia 75, na tena yanapofika asilimia 100. Mimi sijapata taarifa ya namna hiyo. Nikiuliza kwa nini, naambiwa kifurushi changu hakina kikomo, kwa hivyo hakina asilimia 75. Yaani kikomo hakipo inapokuwa ni kunipa taarifa, kisha kinakuwepo inapokuwa ni kunipunguzia kasi. Niliposikia jibu hili kwa mara ya kwanza nilidhani kijana anatania.

Muuza kompyuta naye nisimwache, ingawa yeye ni wa pembeni. Aliniuzia mashine aliyoiita mpya kutoka Dubai, na fundi mmoja wa Machomane alipoifungua akakuta vumbi la miaka na jina la skuli ya Ulaya limechorwa chini ya betri. Kadi yake ya michoro ni ndogo, na tangu mwishoni mwa mwaka 2023, Second Life ilipoingiza namna mpya ya kuonesha mng'aro wa vyuma na mbao, mashine inapumua kwa shida kwenye maeneo yenye majengo mengi. Hapo, ndiyo, ukiniambia kompyuta ni dhaifu nitakubali. Lakini udhaifu wa kadi hupunguza idadi ya picha kwa sekunde. Haupotezi pakiti baharini, wala haungoji katikati ya mwezi.

Ninachodai ni kidogo na kinaandikika kwenye mstari mmoja wa tangazo: kiasi cha GB ambacho nikikipita kasi inashuka, na kasi itakayobaki. Wakiandika "GB kadhaa kwa kasi kamili, kisha megabiti moja kwa sekunde", mimi nitapima mwenyewe, nitapanga safari zangu za baharini ziwe mwanzo wa mwezi, na video za masomo za wanafunzi wangu nitazipakua kabla ya kikomo, na hamtanisikia tena. Nadai pia ukurasa wa kuona matumizi yangu ya kila siku, kama ambavyo mita ya umeme inavyonionesha uniti zilizobaki. Barua ya malalamiko nimekwisha kuipeleka kwao, na nakala yake imegongwa muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, naipeleka ofisi ya TCRA hapa Zanzibar pamoja na picha zote.

Walioko Wete, Mkoani, Konde na hata Unguja wanaotumia kifurushi cha namna hii, nawaomba wapime kasi mara mbili, mwanzo wa mwezi na baada ya katikati ya mwezi, yote kwa wakati wa alfajiri ili asije mtu akasema ni msongamano wa usiku, kisha waweke picha hapa na kufunika namba zao za akaunti. Zikiwa nyingi zitakwenda pamoja na barua yangu. Na atakayekuja kuniambia nizime ruta nihesabu mpaka thelathini, namsihi asome uzi upya kuanzia juu kabla hajaandika.