Kikundi cha familia: Ukoo wa Mzee Kombo

Mama Idi: Asalam aleykum wapendwa. Jamani Idi kigugumizi kimezidi, leo alitaka kuniambia babu kaja akakwama kwenye ba ba ba mpaka macho yamemtoka na mguu anapiga chini, mwisho kaacha kaenda zake nje. Februari anatimiza 5. Na mwalimu wake anamwita "pikipiki" mbele ya wenzie eti ndo ataacha

Shangazi Mwanahawa: Waaleykum salaam. Huyo mwalimu 😡😡 nipeni jina la shule tu

Bibi Tanga: Ana udata huyo. Kuna mzee hapa Makorora anakata vizuri, mleteni

Zuhura Nesi: Bibi shikamoo. Hapana bibi, udata ni ule utando chini ya ulimi, kigugumizi ni kitu kingine kabisa, ni namna ubongo unavyopanga maneno yatoke na mara nyingi kinatembea kwenye damu. Kukata hakusaidii, atatoka damu bure

Anko Hamisi: Mimi nilikatwa kimeo, nikalishwa asali, nikawa nashtuliwa na makofi. Mpaka leo nikipigiwa simu halo haitoki. Hamjiulizi kwanini humu situmagi voisi

Shangazi Mwanahawa: 😳 sie tunajua una maringo

Anko Hamisi: Mgahawani naagiza kinachotoka mdomoni sio ninachotaka. Chapati inagoma basi nakula wali. Na kinachoudhi zaidi ni mtu kukumalizia neno, tena sio lenyewe, inabidi uanze upya

Baba Idi: Mi namwambiaga tu vuta pumzi, ongea taratibu

Zuhura Nesi: Shem hiyo acha, inamfanya aogope zaidi. Wewe ndo upunguze spidi yako, umtazame, umsubiri amalize hata kama maharage yanaungua. Ameanza lini?

Mama Idi: Tangu ana mitatu. Ila cha ajabu madrasa wakisoma wote kwa pamoja hakwami hata kidogo, ndo maana babake anasema anadeka

Zuhura Nesi: Hadeki. Wengi wakiimba au wakisoma pamoja na wenzao inatoka laini, ndo kilivyo. Watoto kama 5 katika 100 wanapitia hii na wengi kinaisha chenyewe, wakubwa wanabaki kama 1 katika 100. Ila Idi ni wa kiume, imepita mwaka na anko anacho, hapo msisubiri. Anzeni hospitali ya wilaya mpate rufaa ya Muhimbili, pale idara ya masikio pua na koo waulizieni mtaalamu wa usemi, sema hivyohivyo msije mkapewa dawa ya kikohozi. Wataalamu hao nchini ni wachache so foleni ipo. Bima ulizeni kabla

Salma Leicester: Samahani nimechelewa nilikua shifti. Kuna tiba inaitwa Lidcombe ilianzia Sydney, ni ya watoto chini ya miaka 6, mzazi mwenyewe anafundishwa kuifanya nyumbani kila siku kwahiyo hamuendi hospitali kila saa. Muulizeni huyo mtaalamu kama anaijua. Na Stuttering Foundation, shirika la mambo ya kigugumizi la Marekani, wana makaratasi ya bure ya walimu, natafsiri leo usiku

Shangazi Mwanahawa: Nitumie mi ndo napeleka shule. Kwa adabu

Baba Idi: Shangazi tunakujua

Bibi Tanga: Hata Nabii Musa aliomba afunguliwe fundo la ulimi, iko Taha. Nitamsomea mjukuu wangu. Hospitali nendeni pia

Mama Idi: Amin bibi. Naenda Jumanne, mwenye nafasi anisindikize

Anko Hamisi: Tutaenda wote. Na mimi nataka kuwauliza kama wakubwa wanapokea

Zuhura Nesi: Wanapokea anko, kinaweza kisiishe ila simu utapokea

Bibi Tanga: Sasa yule mzee nilishamtangulizia elfu tano nani ananirudishia