Tupeane uzoefu: dada zetu wa kazi za ndani ughaibuni wanajipangaje kudai haki?

Mfungua uzi
Wadau, humu tunawataja dada hawa pale tu jeneza linapotua uwanja wa ndege. Inauma, kwa sababu wao wenyewe wamepigana: Mkataba 189 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), unaohusu haki za wafanyakazi wa majumbani, ulipita Geneva tarehe 16 Juni 2011 kwa msukumo wao, na Oktoba 2013 wakaunda shirikisho lao la kimataifa, IDWF, kule Montevideo. Naomba mbinu zinazofanya kazi. Visa vya mateso tunavyo vya kutosha.

Daftari Kwanza
Ushahidi uanze kabla ya safari. Picha ya pasipoti (ukurasa wa sura na wa viza), mkataba wa kazi kurasa zote, jina la kafili (mwajiri anayemdhamini huko), na mawakala wa pande zote mbili: vyote vibaki kwa mtu anayeaminika nyumbani, maana kuna nyumba simu inachukuliwa siku ileile ya kufika. Huko aandike kila siku saa aliyoanza, saa aliyolala, na mshahara alioshika. Ukiandika "ananyanyaswa" hakuna ofisi itakayohangaika nawe. Andika "tangu tarehe 3 hadi 27 hakupumzika hata siku moja, kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 6 usiku" uone.

Kamba Mbili
Nakazia hapo. Na tuache makundi ya WhatsApp ya watu 200. Kila aliyemo anaona namba za wote, na picha moja ya skrini ikimfikia kafili imekwisha. Vikundi vya watu 8 au 10, viongozi wao ndio waunganishwe.

Video pia. Kwenye Falme za Kiarabu kumrekodi mtu nyumbani kwake bila ridhaa ni jinai, kwa hiyo mlalamikaji anageuka mshtakiwa. Hatari nyingine ni ripoti ya utoro: akitoka tu, kafili anaripoti, kibali kinakufa. Malalamiko yatangulie, au yaingie siku hiyohiyo, na namba ya kumbukumbu itumwe nje haraka.

Mwanachama wa Zamani
Kwangu dai la kwanza ni siku ya mapumziko, hata kabla ya mshahara. Tazameni Hong Kong: sheria inatoa saa 24 mfululizo katika kila siku 7, na vyama vya wahamiaji vinaruhusiwa. Ndiyo maana Jumapili mitaa ya Central, katikati ya jiji, inajaa wanawake wamekaa juu ya maboksi, wanakula, wanasuka nywele, na katikati ya hayo wanaandikisha wanachama na kusomeana mikataba. Beirut, Lebanon, walianzisha chama Januari 2015, wizara ya kazi ikakataa kukitambua, na kifungu cha 7 cha sheria ya kazi ya nchi hiyo kinawaweka nje kabisa. Mkataba 189 unataka saa hizo 24 (kifungu cha 10), na cha 9 kinasema mfanyakazi halazimiki kuzimalizia ndani ya nyumba ya mwajiri. Anayepewa "off" ya kukaa jikoni hajapewa kitu.

Daftari Kwanza
Kuhusu ILO: mtu binafsi hapeleki shauri kule. Linapelekwa na chama cha wafanyakazi, dhidi ya nchi iliyoridhia mkataba husika. Kwa hiyo awe na chama nyumbani, kama KUDHEIHA kwa Kenya au CHODAWU kwa Tanzania. Njia ni ndefu lakini inasukuma: shauri dhidi ya Qatar liliwasilishwa 2014, likafungwa Novemba 2017 baada ya serikali kukubali mpango wa mageuzi.

Kamba Mbili
Na kura tusiisahau. Mwaka 2022 Wakenya walipiga kura katika nchi 12 za nje, Qatar na Falme za Kiarabu zikiwemo, Saudi Arabia haikuwemo. Ni ya urais pekee. Kujiandikisha ni kwa alama za vidole, lazima ufike mwenyewe. Dada ambaye pasipoti yake imefungiwa kabatini kwa kafili na hana siku ya kutoka anafikaje? Wanaoshinikiza tume ya uchaguzi iongeze vituo waombe pia viandikishe siku ya mapumziko ya nchi husika. Kwa Qatar ni Ijumaa.