Hali ya hewa ikichafuka mimi ndiyo natoka nje. Kuna mwenzangu humu?

Mhasibu_Mchovu:
Habari zenu wakuu. Naomba niulize jambo ambalo nyumbani wameshachoka kulisikia.

Nina miaka 43, kazi yangu ni hesabu za watu, kutwa niko kitini. Si mtu wa mazoezi, hata ngazi zinanihemesha. Lakini siku mawingu yakishuka, milango ikaanza kubamiza na kila mtu anakimbilia kufunga madirisha, mimi natafuta viatu. Mume wangu husema, "Haya, kimempanda," kisha ananipa tochi.

Kuna kilima karibu na kwetu, juu ni nyasi tupu. Jumamosi nilipanda. Njiani upepo ulikuwa wa kawaida, ila nilipotokeza kileleni nikahisi nimezabwa kofi. Mtandio ulinitoka shingoni ukaenda zake, sijauona hadi leo. Nikiukabili upepo pumzi haivutiki, hewa inajaa mdomoni kabla sijaihitaji, ikabidi nigeuze uso pembeni kama mtu anayeogelea. Machozi yalinitoka, nayo hayateremki shavuni, yanakimbilia masikioni! Juu yangu mwewe katulia tuli hewani, hapigi bawa, mkia tu unachezacheza. Nami nikatanua mikono, nikajilaza mbele kidogo kidogo. Upepo ukanibeba. Nimeegemea kitu ambacho hakipo. Nikacheka kwa nguvu na kicheko changu mwenyewe sikukisikia.

Kisha ukakatika ghafla nikaenda chini kwa magoti yote mawili. Suruali imechanika, goti limechubuka, na niliteremka naimba. Usiku nililala fofofo.

Sasa, raha hii inatoka wapi? Na nitaijuaje siku ambayo si ya kutoka? Jibu la "nenda kapimwe akili" nimeshapewa, asanteni.

Namba_Hazidanganyi:
Dada, hukuegemea kitu ambacho hakipo. Hewa ina uzito, mita moja ya ujazo ni kama kilo 1.2. Mtu mzima akisimama kuukabili upepo wa kilomita 36 kwa saa, anasukumwa kama vile kuna mzigo wa kilo 4 hivi unamkandamiza. Ukifika 72, usidhani ni kilo 8. Ni kama 17, kwa sababu mwendo ukizidi mara mbili nguvu inazidi mara nne. Ukifika 108 unakaribia kilo 38, na hapo hakuna wa kutanua mikono. Ndiyo maana kutoka "raha" hadi "nimeanguka" ni hatua fupi kuliko unavyohisi.

Kuhusu raha yenyewe, mwili umeshtuka na kumwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, lakini akili inajua hakuna simba. Hofu isiyo na deni.

Bati_Lilinikosa:
Mimi nitakuwa mchawi wa mada hii. Niliwahi kusimama uani kufurahia upepo kama wewe. Bati likang'oka kwenye paa la jirani, likapita kama hatua mbili kutoka kichwani kwangu. Halikupiga kelele mpaka lilipotua ukutani. Tangu siku hiyo upepo nauangalia dirishani, na kioo chenyewe nakikalia mbali.

Mzee_wa_Tanga:
Bati_Lilinikosa ana haki yake, ila mwenye mada yuko kwenye nyasi tupu, pale hakuna cha kung'oka. Hatari yake ni nyingine.

Mwanangu, nimekaa baharini miaka 22. Mwaka 1805 ofisa mmoja wa jeshi la majini la Uingereza, Francis Beaufort, aliupanga upepo kwa daraja 0 hadi 12, tena bila chombo chochote, kwa kutazama tu meli inaweza kubeba matanga mangapi. Watu wa nchi kavu nao wanaitumia kwa kutazama miti. Daraja la 7 mti mzima unayumba, na kutembea kuukabili upepo kunaanza kuwa kazi. La 8, kilomita 62 hadi 74 kwa saa, vijiti vinakatika mitini na kutembea ni kupigana. Wewe Jumamosi ulikuwa humo humo, ukatoka salama. Usipande zaidi ya hapo.

Radi ndiyo usiichezee, hasa juu ya kilima kitupu ambako kitu kirefu kuliko vyote ni wewe. Ukiona mwako, hesabu. Ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, shuka ukaingie ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Na mti wenye majani mengi kwenye udongo uliolowa, usipite chini yake.

Mengine tumia sikio. Melini tulisikiliza kamba. Waya au kamba upepo ukizidi, sauti yake inapanda, mvumo mzito unageuka mluzi.

Juu_ya_Mti:
Mhasibu, usijione wa ajabu. Desemba 1874, John Muir, yule mpenda milima wa Marekani, alikutwa na dhoruba kwenye misitu ya Sierra Nevada. Unajua alifanya nini? Alipanda mti wa karibu mita 30, akakaa kileleni saa kadhaa, anayumba nao. Kwa hiyo wewe na goti lako bado mwanafunzi.

Mhasibu_Mchovu:
Shikamoo mzee wangu. Na wewe wa mti, usinipe mawazo.

Narudi na taarifa. Jana uliamka tena, nikapewa tochi yangu, nikaenda. Nusu ya njia kuna waya wa uzio ambao nimeupita miaka yote bila kuujali. Safari hii nilisimama. Ulikuwa unavuma chini chini, kama mtu anayeguna usingizini. Nikasubiri. Ukapanda kidogo, ukarudi, ukapanda tena, kisha ukawa mluzi mwembamba usiokatika, na kijiti kikanipiga begani. Nikageuza.

Mume wangu nilimkuta mlangoni. Akatazama saa, akanishika paji la uso, akaniuliza kama naumwa.