Nahamia Dar na mama mgonjwa: Kigamboni, Gongo la Mboto au Kibamba?

Binti wa Songea
Habari zenu wakuu. Nimepata uhamisho kuja Dar, naripoti mwanzoni mwa mwezi ujao. Ofisi iko Posta, katikati ya jiji, kuingia saa 1:30 asubuhi. Nakuja na mwanangu wa darasa la pili na mama yangu mwenye presha na sukari, ambaye kila mwezi atatakiwa kliniki Muhimbili. Kodi naweza 250,000, zaidi ya hapo tutalala njaa. Natafuta vyumba viwili na sebule, choo kiwe ndani maana mama huamka mara nyingi usiku.

Dar naijua kwa wiki mbili tu nilizokaa kwa shangazi Sinza, na kodi za huko siziwezi. Dalali ananivutia Kigamboni, kila siku picha. Ofisini mmoja kaniambia Gongo la Mboto, mwingine Kibamba. Kinachoninyima usingizi ni mama kushinda mahali ambapo akizidiwa hakuna pa kumkimbiza. Nisaidieni.

Mvukaji
Karibu dada. Nina miaka sita Kigamboni na sijutii, kuna upepo na nafasi. Ila Posta unayoiona kwa macho ng'ambo pale isikudanganye. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, kusubiri pantoni ndiko kunakomaliza asubuhi yako, na moja likiharibika tunajazana Feri mpaka jua linachoma. Daraja la Nyerere tangu 2016 limetuokoa sana, lakini linakutoa Kurasini, hapo bado hujafika Posta.

Na uonje maji kabla hujalipa. Nyumba niliyoanzia ilikuwa na kisima cha chumvi. Tulioga nayo, ya kunywa tukanunua madumu. Mgonjwa wa presha usimweke kwenye maji ya namna hiyo.

Mama Nasra
Mwanangu, Mungu ampe mama afya. Mimi nitasema la picha. Nilipanga nyumba mwezi wa tisa, ukuta umepakwa rangi mpya, nikalipa miezi sita. Masika ilipofika maji yaliingia usiku mpaka usawa wa godoro. Kumbe ni bondeni, na jirani wote walijua. Usimuulize dalali wala mwenye nyumba, muulize muuza genge wa jirani maji huishia wapi mvua ikikazana. Huyo hana la kupoteza.

Konda Mstaafu
Gongo la Mboto kodi utaipata, na watu ni wengi, hutakuwa mpweke. Shida ni asubuhi. Wengi hulipa nauli mara mbili, wanapanda gari linalokwenda kituo cha mwisho ili wageuze nalo kurudi mjini wakiwa wamekaa. Kwako wewe sawa, lakini siku ya kliniki utageuza na mama mwenye sukari?

Mkazi wa Kwembe
Dada, naona wote tunakupimia njia ya kwenda Posta, wakati wewe umeuliza habari za mama. Huku upande wa Kibamba kuna hospitali ya Mloganzila, ni Muhimbili hiyohiyo. Mwombe daktari wake wa Songea aandike rufaa ya Mloganzila badala ya Muhimbili ya Upanga. Mama yangu anatibiwa hapo, tunakwenda kwa bajaji, na usiku alipozidiwa tulifika kabla sijamaliza kuwapigia simu ndugu.

Gharama yake utaibeba wewe. Saa 11 alfajiri uwe barabarani. Unapanda daladala hadi Kimara, unaunganisha basi la mwendokasi hadi Posta. Na bonde la Jangwani likijaa maji mwendokasi husimama, siku hizo mwambie bosi mapema.

Binti wa Songea
Nimesoma hili nikiwa nimekaa na mama, nikamsomea. Hatukujua kabisa kama kliniki inaweza kuwa huko. Mimi kuamka saa 10 si kitu. Ila mtoto nani atampeleka shule nikishaondoka?

Mama Nasra
Chagua shule kwanza, kisha nyumba. Na vyote viwe upande mmoja wa Morogoro Road. Ile sasa ni njia nane kuanzia Kimara hadi Kibaha, mtoto wa darasa la pili asiivuke peke yake, wala bibi yake asiivuke akimkimbilia.

Mkazi wa Kwembe
Hapo Mama Nasra kasema kweli. Hakikisha pia Luku ya umeme ni yako peke yako, mkichangia mita na wapangaji wenzako ugomvi hauishi. Njoo Ijumaa ulale Sinza, Jumamosi asubuhi uko huku. Usitume hata shilingi ya kushikia nyumba kabla hujaingia ndani na kufungua bomba.

Binti wa Songea
Nimekata tiketi ya basi ya Alhamisi usiku. Kesho asubuhi nampeleka mama kwa daktari kuomba ile rufaa.