Miezi saba baada ya operesheni ya kupunguza tumbo, kilo zimeshuka ila nguvu sina, naombeni ushauri

Mama_Uyole
Habari zenu wapendwa. Niko Mbeya, Uyole, mama wa watoto wawili. Mwezi wa saba huu tangu nifanyiwe operesheni ya kupunguza tumbo Dar, ile ya sliivu, wanakata sehemu kubwa linabaki kama ndizi nyembamba. Nilikuwa kilo 131 sasa nina 96. Namshukuru Mungu kwa kweli, nainama kufunga kamba za viatu, kwenye kosta nakaa siti moja bila kumbana jirani, na mume wangu anasema sikoromi tena.

Shida ni nguvu. Nikitoka Mwanjelwa na mchele kilo tano tu, kale kamlima ka kwenda nyumbani nasimama mara tatu, miguu inatetemeka moyo unadunda, yaani hata nilivyokuwa mnene nilikuwa nahema ila miguu haikuwa hivi. Nywele nazo zinabaki kwenye kitana. Halafu maneno ya watu, kwaya wameshaanza kunong'ona kwamba naumwa ule ugonjwa, hiyo imeniuma mno, hata kutoka kufanya mazoezi barabarani naogopa. Sasa naanzaje na ni mazoezi gani?

Mhehe_wa_Ilula
Kamwene dada, pole na hongera. Mimi mwaka wa tatu huu, nilifanyiwa baipasi, ile operesheni nyingine ya tumbo ambapo chakula kinapitishwa njia ya mkato kwenda kwenye utumbo. Hiyo miguu ya kutetemeka naijua, mwili ukipungua haraka hauli mafuta peke yake, unakula na misuli. Protini iwe ya kwanza kwenye sahani, mimi niliambiwa gramu 60 mpaka 80 kwa siku na yai moja lina kama gramu 6 tu kwa hiyo piga hesabu. Usipa wa Kyela, kuku, mtindi usiotiwa sukari, maharage yaliyoiva mpaka yakalainika, ugali vijiko viwili mwishoni kama nafasi imebaki. Maji usinywe pamoja na chakula, subiri nusu saa, ila siku nzima uwe unasipsip. Nywele zangu zilitoka mwezi wa nne mpaka wa nane hivi, zikarudi zenyewe.

Kaka_Mkubwa
Mazoezi ya nini dada, tumbo limekatwa, pumzika tu kilo zitaisha zenyewe

Fizio_Nyanda
Hapana kaka, usimwambie hivyo. Kutonyanyua vizito ni zile wiki nne mpaka sita za mwanzo, kidonda kipone asije akapata ngiri. Miezi saba akikaa tu ndo misuli inazidi kuisha.

Dada, kukimbia weka pembeni kwanza. Anzia ndani hukohuko, baridi haikupati wala hakuna wa kukuangalia. Kaa kwenye stuli, inuka bila kujishika, mara 8, pumzika, rudia mizunguko mitatu. Ukizoea shika chupa za maji za lita moja na nusu mkono huu na huu. Fanya siku mbili au tatu kwa wiki, siyo kila siku, misuli inajengeka ukiwa umepumzika. Kutembea anza dakika 10 sehemu tambarare, ongeza polepole mpaka nusu saa siku tano kwa wiki, hapo umefikia zile dakika 150 kwa wiki wanazoshauri Shirika la Afya Duniani (WHO). Kipimo chake uweze kuongea lakini kuimba ushindwe, wewe wa kwaya utajua haraka. Na Mbeya tuko juu, kama mita 1,700, kamlima kako tukaache kwanza.

Lakini kabla ya yote nenda ukapime damu, wingi wa damu, madini ya chuma, vitamini B12 na vitamini D. Moyo kudunda vile inaweza kuwa upungufu wa damu, na hapo mazoezi peke yake hayatakusaidia. Vidonge vya vitamini unameza? Ukiumwa kifua au kuzimia usisubiri, wahi hospitali.

Binti_Tukuyu
Dada mwaya kuhusu kwaya, mama yangu mdogo yalimkuta hayohayo, akamweleza ukweli mama mmoja tu anayeheshimika pale, yule mama ndo akawanyamazisha wengine. Afya yako siyo ya kujielezea kwa kila mtu.

Mama_Uyole
Asanteni sana, nimelia kusoma. Fizio, vidonge viliisha mwezi wa nne sikununua tena, na chuma nilikuwa nameza na chai kabisa.

Fizio_Nyanda
Chai inazuia chuma kuingia mwilini, na vidonge vya kalsiamu vitenganishe na chuma masaa mawili. Hivyo vitamini ni vya maisha dada, usiviache tena.

Mama_Uyole
Sawa kaka. Kesho asubuhi naenda kupima. Stuli nimejaribu sasa hivi, nimefika sita, ya saba mapaja yamegoma, mwanangu wa mwisho alikuwa ananihesabia.