Tupeane uzoefu: Uliishije na familia mwenyeji ulipokuwa mwanafunzi wa kubadilishana ughaibuni?

Habari zenu, ndugu zangu.

Kila majina ya waliochaguliwa kwenye programu za kubadilishana wanafunzi yanapotoka, wazazi hunipigia simu wakiuliza kuhusu viza, makoti ya baridi na fedha za mfukoni. Ni maswali ya haki. Hata hivyo, vijana ninaozungumza nao wanaporudi hawaanzi kamwe na koti wala viza, bali huanza na nyumba waliyofikia: nani aliwapokea, walikula nini, walinyamaza wapi na walilia lini. Ndiyo maana naomba leo tukusanye simulizi zenu wenyewe, ili anayejiandaa kuondoka apate kusoma yale ambayo vipeperushi haviyaelezi.

Kwa wasiofahamu, wengi wa vijana wetu wanaokwenda Marekani wakiwa sekondari hupitia programu ya YES (Youth Exchange and Study), iliyoanzishwa mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, na ikapewa majina ya maseneta Edward Kennedy na Richard Lugar. Lengo lake lilikuwa kuwakutanisha Wamarekani na vijana kutoka nchi zenye idadi kubwa ya Waislamu, na Kenya na Tanzania zimekuwa miongoni mwake. Mwanafunzi husoma mwaka mmodi katika shule ya kawaida na huishi na familia inayojitolea, maana familia hizo hazilipwi mshahara wala kodi ya chumba. Wengine huenda kupitia AFS, shirika lililoanza kama kikosi cha madereva wa magari ya wagonjwa nchini Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha likageukia wanafunzi baada ya vita vya pili.

Msimamo wangu niuseme mapema. Naamini kinachowakwamisha vijana wetu kuliko baridi na kuliko lugha ni ukimya. Tumewalea tukiwaambia kwamba mtoto mwenye adabu hadai, hachagui chakula, hamjibu mtu mzima, na akiudhika humeza. Wakifika kule, ukimya uleule husomwa kuwa ni huzuni, au ni hasira, au ni dharau. Nisahihisheni kama nimekosea, lakini nisahihisheni kwa yale yaliyowafika.

Mchangiaji kutoka Unguja

Asalaam alaykum. Mimi nilikuwa Minnesota mwaka wa masomo wa 2018/2019, katika mji mdogo ulio mwendo wa gari kutoka Minneapolis. Nayaunga mkono maneno ya aliyetangulia, na nitaeleza kwa nini.

Nilipofika, kila siku nikitoka shule nilikuwa nikiingia chumbani, nafunga mlango na kusubiri kuitwa. Kwetu mgeni huitwa mezani, na mgeni mwenye haya zake hafungui friji ya watu. Katika nyumba ile kila mtu, hata mtoto wa miaka saba, alifungua friji alipotaka, akakata jibini, akamimina maziwa na kuondoka nayo. Chakula cha pamoja kilikuwa saa kumi na mbili jioni, na chakula cha mchana shuleni kilikuwa kabla ya saa sita, kwa hiyo nilikaa na njaa muda wote huo nikiamini ndiyo heshima. Wao nao walikuwa wamekaa chini wakishauriana kama nimewachukia. Mama mwenyeji akampigia mratibu wa programu wa eneo letu, mratibu akaja, tukaketi sote watatu jikoni, na ndipo nikaeleza kwamba nilikuwa nasubiri kuitwa. Yule mama alishika kichwa. Kisha akanipeleka mbele ya friji, akanionyesha rafu ya chini upande wa kulia, akaniambia kuwa rafu ile ni yangu, na kwamba kila Jumamosi tutaijaza pamoja.

Jumamosi hizo ndizo zilizonijengea udugu naye. Minneapolis ina Wasomali wengi sana, na ukiingia katika maduka yao unapata nyama ya halali, tende na sambusa ambazo zingeweza kuuzwa kwetu katika soko la Darajani bila mtu kushtuka. Mama alikuwa akinisubiri kwa subira nikichagua, na baada ya muda akawa anajua mwenyewe duka lipi lina mbuzi mzuri.

Baridi sitaizungumzia sana. Mwishoni mwa Januari 2019 joto la Minneapolis lilishuka hadi takriban nyuzi 33 chini ya sifuri na shule nyingi zikafungwa. Mtu huvaa, hukaa ndani, na siku hizo hupita.

Ramadhani ndiyo iliyonitia wasiwasi. Mwaka ule iliingia Mei, na kule Mei si kama kwetu, ambako jua huzama saa kumi na mbili na kidogo mwaka mzima. Kufikia mwisho wa mwezi jua lilikuwa likizama karibu saa tatu kasorobo usiku, na alfajiri ilikuwa ikiingia kabla ya saa kumi, yaani funga ya saa 17 hivi, nami nilizoea ya saa 13. Safari hii sikunyamaza. Wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama nilichapisha ratiba ya nyakati, nikaibandika kwenye friji, nikawaeleza nitakula saa ngapi na kwamba sihitaji wao wafunge wala wajifiche wanapokula. Baba mwenyeji, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache, aliisoma ile karatasi, akaweka kengele ya simu yake, na usiku wa kwanza nilipoamka kula daku nikamkuta jikoni amevaa koti la kulalia, anakoroga uji wa shayiri. Aliniuliza kama ninaruhusiwa kutia sukari. Tangu siku hiyo nikisikia mtu akisema Wamarekani hawajali wageni, siwezi kukaa kimya.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Nitakuwa mfupi. Familia yangu ya Iowa walikuwa na mbwa, naye alikuwa akilala ndani. Mzee wangu aliposikia hivyo alitaka kuifuta safari. Nilimwomba ruhusa niwaandikie wenyeji kabla ya kusafiri, nikawaeleza kwa ustaarabu kwamba mate ya mbwa hunilazimu kuosha nguo na mahali pa kusalia, na kwamba simchukii mnyama wao. Walinijibu siku hiyohiyo. Nilipofika nilikuta chumba changu kina mlango unaojifunga wenyewe na msala mpya umekunjwa juu ya kitanda. Ningesubiri nifike ndipo nilalamike, jambo lile lingekuwa ugomvi. Niliandika mapema, likawa mpango tu wa nyumba.

Mchangiaji kutoka Nakuru

Nashukuru kwa mada hii, kwa sababu simulizi kama yangu watu huificha. Mimi nilibadilishiwa familia.

Familia ya kwanza, huko Ohio, hawakuwa watu wabaya, na sitaki mtu asome maneno yangu akadhani walinitesa. Walikuwa wazazi vijana wenye watoto wawili wadogo na kazi za zamu. Polepole nikawa mimi ndiye ninayekaa na watoto jioni, ninayewapa chakula, ninayewalaza, na mara nyingine nilikuwa nikijinunulia chakula changu kwa posho iliyokusudiwa mahitaji madogo. Mazoezi ya mpira nikayaacha. Nilipoongea na mama yangu nyumbani aliniambia nivumilie, kwani kulea watoto wa mwenyeji ni jambo la kawaida kwetu na hakuna aliyekufa kwa kusaidia. Kwa hiyo nikavumilia, alama zikaanza kushuka, na usingizi ukawa haba.

Ningependa kila anayekwenda ajue kanuni za programu hizi, maana mimi nilizijua nikiwa nimechelewa. Mratibu anatakiwa kuwasiliana nawe kila mwezi, na pia kuwasiliana na familia. Kila mtu mzima katika nyumba lazima awe amechunguzwa rekodi yake ya uhalifu. Unatakiwa uwe na kitanda chako mwenyewe, si cha kukunjua wala cha kujaza upepo. Familia inawajibika kukupa milo. Unapewa kadi yenye namba ya shirika lililokupeleka na namba ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na kadi hiyo haikuwekwa mfukoni mwako kwa urembo. Programu inamleta mwanafunzi awe mshiriki wa familia, haileti nguvu kazi ya nyumbani. Mtoto wa nyumba husaidia, huosha vyombo, hufagia theluji, lakini halei watoto kila usiku.

Mratibu aliponiuliza, katika mawasiliano yake ya kila mwezi, kama mambo yanakwenda vizuri, nilimweleza ratiba yangu ya wiki bila kumlaumu mtu. Alisikiliza, akaandika, akaenda kuzungumza nao. Hawakuwa na namna nyingine ya kupanga zamu zao, kwa hiyo tukakubaliana kwamba nihame. Siku ya kufunga sanduku niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena, kana kwamba nimefukuzwa ukweni. Wale watoto walinikumbatia miguu. Mama yao naye alilia, akaniomba radhi, na mpaka leo tunaandikiana.

Familia ya pili walikuwa wazee wawili waliostaafu, nami nikabaki shule ileile. Babu alinifundisha kurekebisha baiskeli gereji. Bibi alikuwa akisoma insha zangu kwa kalamu ya risasi mkononi. Siku ya Shukrani, Novemba, waliwaita watoto na wajukuu wote, wakaniomba niseme dua ya chakula kwa Kiswahili, nikaisema. Kwa yeyote anayedhani kuhama familia ni kushindwa, naomba aelewe kwamba utaratibu huo umewekwa makusudi, na wanaoutumia ni wengi kuliko wanaousimulia.

Mama kutoka Arusha

Wanangu, mimi sikwenda popote, bali nilipokea. Tuliwahi kukaa na binti wa Kijerumani wa miaka kumi na saba kwa mwaka mmoja, na nimeona niseme kwa upande wa mwenyeji.

Huyu binti aliongea kila kitu. Nikimpakulia ugali wa pili ananiambia hapana, ameshiba, hataki. Mara ya kwanza nilijisikia vibaya, maana kwetu mgeni akikataa huwa unamsihi, naye huongeza kidogo kwa kukuheshimu. Wifi yangu alisema mtoto huyu hana adabu. Baada ya miezi michache nikagundua kuwa nyumba yetu nzima haikuwa na mtu rahisi kuishi naye kama yeye, kwa sababu hukuwa na haja ya kumbahatisha. Akiumwa anasema anaumwa, akitaka kuwa peke yake anasema, akifurahi anakuja jikoni kunishukuru kwa jina la chakula chenyewe. Wanangu wawili nilikuwa nao miaka yote na sikuwahi kujua mmoja wao hapendi ndizi nyama.

Yeye naye alijifunza kwetu. Wiki za mwanzo alikuwa akiamka na kupita sebuleni bila salamu. Nilimketisha, nikamweleza kwamba hapa mdogo humwamkia mkubwa kabla ya jambo lolote, na nikamwambia sababu zake. Kesho yake alimpigia shikamoo baba mwenye nyumba, mlinzi, na muuza maziwa getini. Ningenyamaza, angeondoka nchini akiwa anaitwa asiye na heshima, na asijue kwa nini.

Mzazi kutoka Morogoro

Nawashukuru nyote. Kijana wangu amechaguliwa, na tumeletewa taarifa kuwa familia yake ni mama mmoja anayeishi peke yake, hana mtoto. Kusema kweli nimeshtuka. Nilitarajia baba, mama na watoto. Je, nikubali? Na je, mwaka huo utahesabiwa kwenye masomo yake hapa?

Mwanzisha mada

Mzee wangu, shikamoo. Nianze na swali la pili, kwa kuwa jibu lake ni fupi: mwaka ule haufuti mtihani wa taifa. Zungumza na mkuu wa shule sasa, upate kwa maandishi kwamba nafasi yake itashikiliwa na atarudi kidato gani.

Kuhusu mama huyo, kule familia hupewa maana pana. Inaweza kuwa wanandoa wasio na watoto, wazee, au mtu mmoja. Kwa mtu mzima anayeishi peke yake bila mtoto, kanuni inadai achunguzwe kwa ngazi ya ziada, na inadai pia kwamba mzazi wa mwanafunzi akubali kwa maandishi kabla kijana hajapelekwa katika nyumba hiyo. Kwa hiyo saini yako ina uzito, na hakuna atakayekulaumu ukiuliza kabla ya kuiweka. Omba mazungumzo ya video na huyo mama, kijana wako akiwepo. Muulize siku yake ya kawaida ikoje, anarudi kazini saa ngapi, kijana atakuwa na nani kabla hajarudi, nani wa karibu atamsaidia akiugua, na kanisa au msikiti uko umbali gani. Mwache kijana naye aulize yake bila wewe kumkatiza. Kisha, yeye akishatoka chumbani, muulize mratibu wa hapa nyumbani kama mama huyo amewahi kupokea mwanafunzi mwingine, na kama mwanafunzi huyo yuko tayari kuongea nawe kwa simu. Majibu yakikuridhisha, saini. Yasipokuridhisha, waandikie sababu zako na uombe familia nyingine, mapema, wakati muda wa kutafuta bado upo.