Naomba ushauri: uchaguzi wa Marekani wa 1968 nianzie wapi?

Wakuu, habari za muda huu.

Nafundisha Historia. Wiki ijayo nina kipindi kimoja tu cha kueleza uchaguzi wa 1968, na mambo yamejaa. Januari, mashambulizi ya Tet kule Vietnam, ya wakomunisti dhidi ya Wamarekani na washirika wao. Tarehe 31 Machi Rais Johnson wa chama cha Democratic anatangaza kwenye televisheni kwamba hagombei tena. 4 Aprili Martin Luther King anauawa Memphis, miji zaidi ya 100 inalipuka kwa ghasia. Juni anapigwa risasi Seneta Robert Kennedy, aliyekuwa akiwania tiketi ya Democratic, usiku uleule aliotoka kushinda kura za mchujo (za kumteua mgombea wa chama) California. Agosti, polisi wa Chicago wanawashushia virungu vijana wanaopinga vita nje ya mkutano mkuu wa Democratic.

Nikiyapanga kwa tarehe hivi, vijana wataandika, watakariri, basi. Nataka waelewe kwa nini nchi iliyompa Johnson ushindi mkubwa 1964 ilimwingiza Nixon wa chama cha Republican miaka minne baadaye. Nishike lipi? Nawasilisha.

Msomaji Mkongwe:
Mwalimu, shika umri. Kijana wa Marekani aliweza kuchukuliwa jeshini kwa lazima akiwa na miaka 18 na nusu, lakini katika majimbo mengi hakupiga kura mpaka afikishe 21. Marekebisho ya 26 ya Katiba, yaliyoshusha umri huo hadi 18, yalikuja 1971. Hilo wanafunzi wako watalielewa haraka, ni rika lao.

Kaka Jabali:
Mchango mzuri hapo juu, ila umri hauelezi Nixon alipitaje. Mimi ningeanza na Humphrey. Makamu huyu wa Rais Johnson hakushindana kwenye kura za mchujo, na bado chama kikampitisha, kwa sababu wajumbe wengi wa mkutano mkuu walikuwa mikononi mwa vigogo wa chama majimboni.

Sasa mfikirie mwanafunzi wa chuo aliyebisha hodi mlango kwa mlango New Hampshire, Machi, baridi kali, akimwombea kura Eugene McCarthy, seneta wa Democratic aliyempinga Johnson ndani ya chama, kwa sababu anapinga vita. McCarthy akapata asilimia 42 dhidi ya rais aliye madarakani! Halafu Agosti kijana huyo anaambiwa mgombea ni mtu ambaye hakwenda kuomba kura kokote. Hasira za Chicago huwezi kuzieleza bila hapo. Chama chenyewe kiliusoma ujumbe: kiliunda tume, kikabadilisha kanuni, na kufikia 1972 kura za mchujo zikawa ndizo zenye nguvu.

Mama Zawadi:
Mbona hamumtaji Wallace? Gavana wa zamani wa Alabama, mtetezi wa ubaguzi wa rangi, aligombea nje ya vyama viwili vikubwa akabeba majimbo 5 ya Kusini.

Mwalimu, andika ubaoni: Nixon asilimia 43.4, Humphrey 42.7, Wallace 13.5. Pembeni yake andika kura za wajumbe wa majimbo, ndizo zinazomchagua rais: 301, 191, 46. Waache wenyewe wahoji ilikuwaje pengo dogo vile likazaa ushindi mkubwa vile. Zaidi ya nusu ya wapiga kura hawakumtaka Nixon, kwa hiyo usiwaachie picha ya nchi iliyoongea kwa sauti moja.

Na nakuomba, usiwafiche sababu ya Kusini. Wazungu wengi wa kule walikuwa Democratic tangu enzi za babu zao. Vita pekee havikuwang'oa; sheria za haki za raia za 1964 na 1965, zilizowalinda weusi dhidi ya ubaguzi, ziliwauma zaidi. Walimu wengi hulipita hili kimyakimya, na linaniumiza.

Mleta mada:
Shukrani sana. Naanza na Humphrey, kisha tarakimu za Mama Zawadi ubaoni. Swali la mwisho: maandamano ya Paris ya Mei mwaka huohuo, vifaru vya Kisovieti Prague, wanafunzi waliouawa Mexico mwezi Oktoba, niviguse?

Kaka Jabali:
Vipe kipindi chao. Ukivichomeka humo, kengele italia hujamfikia Wallace.